Wadudu wa chini ya kinyungu cha mjomba

Julai huku Mahongole baridi haina huruma. Asubuhi hiyo tuliingia kijitoni watatu, suruali tumezikunja hadi magotini, tukiwa na wavu tulioushona kwa kitambaa cha pazia. Wa kwanza tuliutengeneza kwa chandarua. Wadudu wakawa wanalegea kabla hatujawahesabu, ndipo tukakumbuka kuwa kile kilikuwa chandarua chenye dawa!

Kazi yenyewe ni rahisi. Mmoja anashika wavu upande maji yanakoelekea, mwingine anakanyaga na kugeuza mawe kwa dakika 2, kisha mnamwaga mlichopata kwenye beseni jeupe. Njia hii ilianzia Afrika Kusini, na watafiti wakaitengenezea mito ya Tanzania, wakaiita TARISS. Kila kundi lina alama: wanaokufa upesi maji yakichafuka wana alama nyingi, wavumilivu chache. (Ni ya mito ya maji baridi tu, kule Tanga, Mkulumuzi unapopita mawe ya chokaa ya Amboni na kukutana na bahari, haifai.)

Juu ya vinyungu tulipata kaa wawili, watoto wa kereng'ende, na wale wa mikia mitatu wanaopepea matamvua ubavuni. Chini ya jiwe moja alijibanza bapa mmoja wa mikia miwili. Huyo hakai ila kwenye maji safi yenye hewa nyingi. Nilipiga kelele kwa furaha. Tukashuka chini ya vinyungu, hatua kama mia mbili hivi: ruba, konokono na mabuu mekundu. Basi.

Kinyungu cha katikati ni cha mjomba wangu. Nyanya zake ndizo zilizonilipia ada. Bomba la kunyunyizia dawa huoshwa pale pale kijitoni, na jiwe la kuoshea nalijua vizuri, maana nimeliosha bomba hilo mwenyewe tangu darasa la sita.

Sikuweza kusema ni dawa peke yake. Pale pia ng'ombe hunywa na watu hufua. Lakini kunyamaza kwa kuwa ni mjomba, baada ya muhula mzima wa kujadili *Laudato Si'*, niliona aibu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mnavua nini?"

Nikamwonyesha mabeseni yote mawili. Alimtazama kaa kwa muda mrefu.

"Hawa tulikuwa tunawachoma utotoni, hapa hapa." Kisha akaniuliza, "Sasa nikaoshee wapi? Maji si yako huku?"

Lilikuwa swali la haki, na sikuwa na jibu ila mikono. Tukampandishia ndoo mbili shambani. Akaosha huko, maji ya kusuuzia akayanyunyizia nyanya zilezile. Alifanya hivyo siku ile tukiwepo. Kesho yake sijui.

Siku ya kurudi shule alinisindikiza hadi barabarani.

"Yule wa mikia miwili," akasema, "akishuka huku chini nitamjuaje?"

Nikamwachia beseni.