Mfuniko wa sufuria, karatasi ya manila na uongo niliomwambia mteja

Leo hakuna nani kaachana na nani. Leo naongelea ua la kahawa, na kuna kitu nataka kukiri hapa hapa.

Iko hivi. Dada mmoja hapa Karatu, jina kapuni, alianza kupaki kahawa ya kusaga. Akataka picha ya ua la kahawa, ya karibu kabisa, aiweke kwenye pakiti. Akanipa advansi nusu. Hiyo nusu haikulala mfukoni hata siku moja, nilimlipia mdogo wangu michango ya shule.

Kwa wasiojua, kahawa ikishanyeshewa baada ya kiangazi, inakaa kama wiki moja au zaidi kidogo, halafu inachanua mti mzima kwa mpigo. Nyeupe pee, na inanukia kama asumini. Ila haikusubiri. Siku mbili tatu tu maua yanageuka kahawia, basi, mpaka msimu mwingine.

Mimi siku ya kwanza nikaenda saa sita mchana, nikijua jua kali ndiyo picha kali. Kosa. Huku kwetu jua la saa sita linakaa utosini. Ua jeupe likipigwa na mwanga wa juu vile, petali zinaungua kwenye picha, huoni mstari wala mshipa, na chini yake kivuli cheusi tii. Nikawasha flashi. Ndiyo nikaharibu zaidi. Nikamtumia dada picha, akajibu: "Hili ni ua au pamba? Kama huwezi sema, hela yangu irudi."

Hela ipi sasa?

Nikampigia jamaa mmoja mpiga picha anayejulikana mjini, naye jina kapuni. Akacheka. "Dogo, bila rifleta ya maana usijisumbue." Bei aliyonitajia, nikakata simu kistaarabu.

Asubuhi yake nimekaa nje nimejikunyata na baridi ya Karatu, mama anaosha vyombo bombani. Jua ndiyo linatoka. Akainua mfuniko wa sufuria kuukung'uta maji, duara la mwanga likaruka ukutani, likashuka mpaka kwenye migomba. Nikasimama.

"Mama, niazime huo mfuniko."

"Unaenda kupika wapi saa hizi?"

Nikamwambia twende wote shambani, nyuma ya nyumba tu. Saa moja na nusu hivi, jua liko chini, linapita katikati ya majani na kuliangaza ua kwa nyuma. Petali zinawaka kama taa ya chemli. Shida upande wa mbele, unaotazama kamera, una giza. Mama akaelekeza mfuniko. Mwanga ukarudi kweli, lakini mkali, una doa kama kioo. Bati linatupa mwanga wote sehemu moja. Nikakimbia ndani nikachukua karatasi ya manila ya mdogo wangu. Nyuma kachora ramani ya Afrika, mbele nyeupe. Hapo ndipo mambo yakakaa sawa. Karatasi nyeupe inautawanya mwanga, unaingia taratibu mpaka ndani ya ua.

Mambo niliyojifunza siku ile, chukueni bure. Moja, karatasi ikae upande wa pili wa jua, karibu kama shubiri moja na ua. Ukiisogeza mbali, mwanga unakufa. Mbili, usiangalie karatasi, angalia kivuli. Izungushe taratibu mpaka kivuli kilainike. Tatu, udongo wetu mwekundu nao unarudisha mwanga, ua jeupe linapata wekundu kwa chini. Nikatandika gunia jeupe chini, ukaisha. Nne, upepo. Mama alitanua khanga upande upepo unapotokea, mkono mwingine kashika manila. Analalamika mkono umekufa ganzi, mimi namwambia bado kidogo mama, bado kidogo.

Wiki iliyofuata mjomba wangu, dereva wa watalii, akanipandisha Ngorongoro. Pale ukingoni mwa kreta ni zaidi ya mita 2,200, na asubuhi ile ukungu ulikuwa umefunika kila kitu, kreta yenyewe hatuioni. Pale tuliporuhusiwa kushuka kuna yale maua ya rangi ya chungwa yanayopanda ghorofa ghorofa kwenye shina. Nikatoa manila yangu, mjomba akaniuliza ya nini. Nikaangalia ua: halina kivuli hata kimoja. Ukungu wote ule ulikuwa manila moja kubwa, umelizunguka ua pande zote. Nikaikunja, nikapiga hivyo hivyo. Mjomba akanikumbusha tu: hapa hifadhini ua halichumwi, unaondoka na picha.

Sasa kukiri kwenyewe. Dada alizipenda picha za kahawa, akamalizia hela. Akauliza, "Umetumia rifleta gani?" Nikajibu bila kupepesa macho: "Ni ya kutoka nje, nimeagiza." Niliona aibu kusema manila. Niliona aibu zaidi kusema aliyeishika ni mama, na khanga begani na sabuni ya vyombo bado mkononi.

Juzi mama kaiona ile pakiti dukani. Kaishika, kaigeuza, akamwambia muuzaji, "Mwanga huo ni mkono wangu." Muuzaji akacheka, akadhani utani. Mimi niko pembeni, na sikusema kitu.

Kwa hiyo dada, kama unasoma hapa: ilikuwa manila ya shule, ina ramani nyuma. Na mpiga picha wako alikuwa na msaidizi.

Wadau, wewe ulishawahi kumficha aliyekushikia mwanga? Tiririka hapo chini.