Usukani Unapotetemeka Mkononi

Siku hizi si ajabu kumwona mkulima wa viazi au karani wa serikali ana motokaa yake mwenyewe. Nyingi huletwa kutoka Japani zikiwa zimekwisha kutumika huko, na kwa kanuni za Kenya motokaa ya namna hiyo haikubaliwi kuingia ikiwa imepita umri wa miaka 8. Mtu hujinyima muda mrefu ili aipate, na akiisha kuipata huipangusa kila asubuhi. Hata hivyo walio wengi huijua kwa nje tu, kama mgeni aijuavyo nyumba kwa kutazama bati lake. Siku gari linapoanza kulalamika, mwenyewe hajui linasema nini, na haya humzuia kuuliza.

Mojawapo ya malalamiko hayo ni mtetemeko wa usukani. Gari huenda vizuri mjini, na katika barabara ya udongo halina neno. Lakini likiingia barabara kuu ya lami na mshale wa mwendo ukipita kilomita 80 kwa saa, usukani huanza kutetemeka mikononi mwa dereva kama ungo upepetao mahindi. Wako wanaosema kwamba huo ni uzee wa gari tu. Wako wanaoukamata usukani kwa nguvu zaidi. Tena wako wanaozidisha mwendo, kwa kuwa wameona kwamba mtetemeko hupungua mara wavukapo kilomita 110, ambazo ndizo mwisho wa mwendo ulioruhusiwa motokaa ndogo katika barabara kuu za nchi yetu. Watu hawa hawaponyi ugonjwa. Wanaukimbia, nao umo garini pamoja nao.

Mkulima mmoja wa Kinangop aliishi na mtetemeko kama huo miezi 3. Kila mwisho wa mwezi alikwenda Nairobi kupitia Limuru, na mara nyingi mkewe na watoto 4 walikuwa nyuma yake. Shemeji yake, aliye karani mjini, alimshauri asipite kilomita 75 kwa saa. Akafanya hivyo, malori yakimpigia honi mgongoni. Kisha alikwenda kwa fundi wa kwanza, ambaye hakumwuliza neno lo lote, akamwambia magurudumu yamepinda na yataka kunyoshwa. Yakanyoshwa, fedha zikalipwa, na safari iliyofuata usukani ukatetemeka vile vile. Fundi wa pili alimwandikia karatasi yenye viungo vyote vya usukani, vya kulia na vya kushoto, akasema vyote vibadilishwe. Hesabu yake ilimtaka mkulima yule auze mtamba aliyekuwa karibu kuzaa.

Hapo yafaa msomaji afahamu jambo ambalo huwapotezea wengi fedha. Kunyosha magurudumu na kusawazisha magurudumu ni kazi mbili mbalimbali. Kunyosha ni kuyaweka magurudumu yatazame mbele sawasawa, yasielekee ndani wala nje kupita kiasi. Gari lisilonyoka huvuta upande mmoja dereva alegezapo mkono, na hula mipira yake upande mmoja. Lakini kwa desturi halitetemeshi usukani. Kusawazisha ni kuhakikisha kwamba uzito wa gurudumu ni mmoja pande zote, hata likizungushwa kusiwe na sehemu inayovuta kuliko nyingine. Ndiyo sababu ya vile vipande vidogo vya madini vilivyopachikwa ukingoni mwa rimu. Kikianguka kimoja, gurudumu halina usawa tena.

Mtu aweza kucheka akiambiwa kwamba kipande cha gramu 30 chaweza kutikisa motokaa nzima. Na apige hesabu. Mzingo wa gurudumu la motokaa ndogo ni karibu mita 2. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa gari hupita karibu mita 28 kila sekunde, yaani gurudumu huzunguka mara 14 katika sekunde moja. Katika mzunguko huo, gramu 30 zilizopungua ukingoni mwa rimu huwa kama mkono unaolivuta gurudumu kwa nguvu ya karibu kilo 4 na nusu, sasa juu, sasa chini, mara 14 kila sekunde. Kwa mwendo wa kilomita 50 nguvu hiyo hushuka ikawa robo yake, kwani mwendo ukizidi mara mbili nguvu huzidi mara nne. Ndiyo maana mjini dereva haoni kitu.

Na kwa nini mtetemeko hupungua mwendo ukizidi tena? Springi za gari na viungo vyake vina mapigo yao wenyewe, kama pembea. Mtoto akiisukuma pembea kwa wakati wake, hupanda juu sana. Akiisukuma upesi kuliko mapigo yake, haipandi. Gurudumu nalo, likipata mwendo unaopatana na mapigo ya springi, hutikisa sana. Likiupita, mtikisiko hupungua. Lakini nguvu inayovuta haikupungua, bali imeongezeka. Hailii tena kwa sauti, lakini inaendelea kula viungo na gololi za gurudumu.

Turudi kwa mkulima wetu. Kabla ya kumwuza mtamba wake, alisimama katika soko moja kando ya barabara kuziba pancha, akamsimulia fundi wa mipira, mzee mwenye mvi, habari ya safari zake. Mzee yule hakugusa spana. Alijifuta mikono akaanza kuuliza.

“Bwana, huanza ukiwa katika mwendo gani?”

“Mzee, kama kilomita 85. Chini ya hapo hakuna kitu.”

“Watetemeka usukani, au kiti unachokalia?”

“Usukani. Kiti kimetulia.”

“Ukikanyaga breki, huzidi?”

“Hauzidi, Mzee. Hupungua kadiri gari linavyopungua mwendo.”

“Na ukiondoa mguu katika mafuta bila kushika breki, hukoma papo hapo?”

“Haukomi. Huendelea mpaka mwendo ushuke.”

“Basi ulianza lini, na kabla yake palitokea nini?”

Swali la mwisho lilimfanya mkulima anyamaze kidogo. Akakumbuka kwamba wakati wa mvua aliingia katika shimo lililojaa maji, gurudumu la mbele la kushoto likagonga ukingo wake kwa kishindo. Hakuna aliyekuwa amemwuliza habari hiyo, naye hakudhani kwamba ina maana.

Maswali yale matano yana elimu ndani yake, na kila mwenye gari aweza kujiuliza mwenyewe kabla hajafungua mfuko wake. Mtetemeko unaoanza katika mwendo fulani na kushikwa na mikono, aghalabu hutoka katika magurudumu ya mbele. Ukisikika zaidi katika kiti na sakafu, yatazamwe ya nyuma, na kwa magari yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma litazamwe pia fimbo la chuma lipelekalo nguvu za injini nyuma, pamoja na viungo vyake. Ukitokea wakati wa kushika breki tu, sahani za breki za mbele ndizo za kuchunguzwa, kwa kuwa unene wake huenda haulingani. Ukizidi gari linapovuta mlimani na kukoma mguu uondokapo katika mafuta, viungo vya mihimili izungushayo magurudumu vimekwisha kulika. Na kama gari likisimama, gia zikiwa huru, injini ikikimbizwa nalo likatetemeka vile vile, basi kosa li katika injini au mipira inayoishikilia, wala magurudumu yasisingiziwe.

Mzee alipokwisha kusikia, aliinua gari kwa jeki na kuweka mawe nyuma ya magurudumu ya nyuma. Kwanza alijaribu nati, kwa maana nati zilizolegea huleta mtetemeko, nalo ni jambo lisilongoja hata siku moja: gurudumu laweza kuchomoka njiani. Zilikuwa zimekazwa. Kisha alishika gurudumu juu na chini akalitikisa, halafu kushoto na kulia. Likicheza juu na chini, gololi au kiungo kinachobeba gurudumu kimelegea. Likicheza kushoto na kulia tu, viungo vya usukani vimechakaa. La mkulima halikucheza hata kidogo. Basi vile viungo vilivyoandikwa katika karatasi ya fundi wa pili vilikuwa vizima.

Akalitoa gurudumu na kulipindua. Upande wa ndani wa rimu, ambao hauonekani gari likisimama, palikuwa na donge la udongo mwekundu uliokauka kama tofali. Wenye kukaa katika barabara za udongo na wajue habari hii: matope huingia ndani ya rimu wakati wa mvua, hukauka sehemu moja, na uzito wake hushinda kile kipande kilichopachikwa na fundi. Mzee akalikwangua na kuliosha, akatabasamu. Mkulima naye alifurahi, akidhani mambo yamekwisha kwa ndoo moja ya maji.

Lakini mzee hakuridhika. Alilirudisha gurudumu mahali pake, akachomeka kijiti ardhini karibu sana na mpira bila kuugusa, kisha akalizungusha gurudumu polepole. Nafasi iliyokuwa kati ya kijiti na mpira ikapanuka, ikapungua, na mahali pamoja mpira ukakigusa kijiti. Alipopapasa ubavu wa ndani wa mpira, vidole vyake vilikuta uvimbe uliokaribia ukubwa wa yai la kuku. Kishindo cha shimo kilikuwa kimekata nyuzi zilizo ndani ya mpira, na upepo ulikuwa unasukuma mahali pale palipobaki dhaifu. Mpira wa namna hiyo hauponywi kwa kusawazishwa wala hauzibwi. Siku moja hupasuka, na kwa kawaida hupasuka gari likiwa limeshika mwendo na limejaa watu, kwa kuwa ndipo joto na mzigo vinapozidi.

Wenye kuona walisema kwamba mkulima yule alisimama akiutazama uvimbe ule, akahesabu kwa vidole safari alizofanya tangu mvua zile, na watoto waliokuwa ndani. Hakusema neno. Alifunga gurudumu la akiba, akarudi nyumbani, na juma lile aliuza magunia ya viazi mapema kuliko alivyokusudia akanunua mipira 2 mipya ya mbele. Magurudumu yakasawazishwa kwa mashine. Mtamba alibaki zizini.

Jambo jingine alilofundishwa na mzee yule ni kusoma umri wa mpira. Katika ubavu wa kila mpira uliotengenezwa tangu mwaka 2000, mwishoni mwa herufi zianzazo na DOT, huwa pana nambari 4. Mbili za kwanza ni wiki, na mbili za mwisho ni mwaka. Kwa mfano, nambari 0914 maana yake ni wiki ya 9 ya mwaka 2014. Mpira wa zamani huweza kuwa na meno mazuri machoni na hali umekwisha kukauka ndani. Anunuaye mipira iliyotumika na asome nambari hiyo kabla ya kutoa shilingi zake, tena apapase ubavu wa ndani kwa mkono.

Ikiwa mtu yu mbali na mashine ya kusawazisha, yako majaribio asiyohitaji kuyalipia. Na aoshe magurudumu upande wa ndani, apime upepo wa mipira yote ikiwa baridi, na atazame kama pana uvimbe, mkato au sehemu iliyolika kuliko nyingine. Asipoona uvimbe wala mkato, na ikiwa mipira yote ni ya kipimo kimoja, ahamishe magurudumu ya mbele nyuma na ya nyuma mbele, kisha ajaribu gari mahali salama. Mtetemeko ukihamia kitini, amekwisha kujua kwamba ugonjwa u katika magurudumu yale, wala si katika usukani. Nati zikazwe kwa kuvukavuka, moja huku na ya pili upande wa kuielekea, si kwa kufuatana. Na baada ya kilomita 80 au 100 zijaribiwe tena. Akiona uvimbe, asifanye safari nyingine kwa mpira huo, hata ikiwa ni ya sokoni tu.

Na aendapo kwa fundi, asiseme tu, “Gari langu ni bovu.” Na aeleze mwendo, mahali panapotetemeka, hali ya breki, na siku jambo lilipoanza, kama mgonjwa amwelezavyo daktari. Fundi mwema atafurahi, maana nusu ya kazi yake imekwisha kufanywa. Akimkuta fundi anayeandika orodha ya vyuma kabla hajauliza swali hata moja, na amshukuru kwa adabu, ampe kwaheri, na atafute mwingine. Wazee walisema kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Usukani unaotetemeka ni wingu, na dereva asiulaumu mkono wake kwa kuliona, bali aegeshe gari kando na kuuliza mvua hiyo yatoka upande gani.