Siku tano Addis Ababa: sinia moja, mikono mingi

Sisi watu wa biro tunasafiri sana lakini tunaona kidogo. Mtu anatumwa Kinshasa, Bujumbura ao Nairobi kwa siku tano. Anapanda ndeke, analala hoteli, anaketi katika chumba cha mkutano tangu asubuhi mpaka jioni, anakula mchele na kuku, anarudi. Wakimuuliza kule ni namna gani, anajibu: "Kule ni baridi", ao: "Kule vitu ni bei kali." Wazee wetu hawakusafiri vile. Mzee akienda kwa wakwe, ao sokoni ngambo ya ziwa, alirudi na habari: kule wanakula nini, wanasalimiana namna gani, mgeni wanamkalisha wapi. Ile habari njo ilikuwa masomo yake, na watoto walikaa kando ya moto kumsikiliza.

Katika kijitabu hiki tumezoea kusoma juu ya mahari, juu ya kilio, juu ya majina ya watoto. Leo ninaomba ruhusa nipite nje kidogo, nizungumze juu ya meza ya watu wengine. Mtaona kwamba njia inaturudisha kwetu.

Mwezi wa kumi wa mwaka 2018 nilitumwa Addis Ababa, mji mkubwa wa Ethiopia, kwa semina juu ya lishe ya watoto. Kazi yangu katika Kivu ya Kusini ni kufundisha wamama kwenye vituo vya afya namna ya kulisha watoto wadogo. Nilivuka Ruzizi, nikakata msitu wa Nyungwe kwa gari mpaka Kigali, halafu ndeke. Addis iko juu sana, zaidi ya metre 2.300, na sisi wa Bukavu tunaojisifu kwa baridi yetu tuko kama metre 1.500 tu. Mvua kubwa zilikuwa zimeisha, na maua ya rangi ya manjano yalikuwa yamejaa kando ya barabara.

Programu ilikuwa nzito: kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili, na usiku kuandika raporo. Lakini siku ya kwanza nilipata furaha moja ndogo. Wandugu waliotoka Senegal na Cameroun walikuwa wanalalamika juu ya saa za Waethiopia: dereva aliwaambia atakuja saa moja, wao wakamngoja mchana, kumbe alikuwa amekuja asubuhi na mapema. Mimi nilicheka. Waethiopia wanahesabu saa sawasawa na sisi waswahili: jua likitoka siku inaanza, na saa moja ni saa moja baada ya mapambazuko. Kalenda yao tu njo ilinishinda. Iko na miezi 13, na ule mwaka wetu wa 2018 kwao ulikuwa 2011. Nilimwambia dereva kwamba nimekuwa kijana tena.

Siku ya pili mwalimu mmoja alituonyesha picha: familia imezunguka sinia moja, mikono yote ndani. Akaeleza kwamba katika sinia moja mtoto mdogo ndiye anayeshindwa. Mkono wake ni mdogo, anatafuna polepole, wakubwa wanamaliza, na mama hawezi kujua mtoto amekula kiasi gani. Kwa hiyo mtoto apate sahani yake. Maneno yale ni ya kweli, na sisi pia tunayafundisha. Lakini mimi nilikumbuka mama mmoja wa upande wa Kalehe aliyenijibu mbele ya wengine wote: "Sasa mutoto akule peke yake, sawa mugonjwa ao sawa mugeni?" Wamama wakapiga kelele kumuunga mkono. Kwao sahani ya peke yake ni sahani ya kutengwa. Swali lile nilikuwa nalo ndani ya mfuko tangu miaka, bila jibu lililonitosha.

Siku ya tatu, Jumatano, muuguzi mmoja Mwethiopia aliyekuwa katika kikundi chetu alituambia: "Hapa hotelini hamtakula Ethiopia. Twendeni." Tukakimbia saa ya chakula, watu watano katika taksi moja.

Jumatano na Ijumaa Wakristo wa Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia wanafunga: hakuna nyama, hakuna maziwa, hakuna mayai. Tulidhani tutakuta njaa. Tukaletewa sinia kubwa ya mviringo, imetandikwa injera sawa kitambaa cha meza, na juu yake vilima vidogo vya rangi zote: dengu nyekundu zenye pilipili ya berbere, shiro ya unga wa mbaazi na dengu, kabeji na karoti, na majani ya kijani yaliyonikumbusha lenga-lenga ya nyumbani. Injera inatokana na tefu, nafaka ndogo kuliko karibu nafaka zote za dunia. Unga unachanganywa na maji na chachu ya mchanganyo uliopita, unaachwa kama siku tatu uchachuke, halafu unamiminwa kwa kuzunguka juu ya chuma ao kigae cha moto. Mkate unakuwa laini, wenye vitundu vingi, na uchungu kidogo. Mwenzetu mmoja alikunja uso juu ya ile uchungu. Mimi niliifahamu. Ni ndugu ya uchungu wa mihogo yetu, ile tunayoloweka majini siku kadhaa mbele ya kuianika na kuisaga. Wamama wa Afrika walijua kazi ya chachu mbele ya maabara yoyote.

Hakuna kanya, hakuna kijiko. Unakata kipande cha injera kwa mkono wa kuume, unafunga mboga ndani, unakula. Basi katikati ya chakula muuguzi yule alikunja tonge zuri, akachagua dengu na majani, akanyoosha mkono mpaka mdomoni mwangu. Mimi mtu mzima, baba wa watoto wanne! Wenzake wakacheka: "Usikatae, ni gursha." Gursha ni tonge unalomtilia mwenzako mdomoni kwa mkono wako mwenyewe, kwa heshima na upendo. Mkubwa anampa mdogo, mwenye nyumba anampa mgeni, rafiki anampa rafiki. Na hupewi mabaki: anayekupa anakutafutia sehemu iliyo nzuri kuliko zote.

Nilifungua mdomo, nikala, na swali la mama wa Kalehe likarudi. Pale palikuwa sinia moja, na hakuna aliyeweza kusahauliwa. Sinia peke yake hailishi mtu na wala haimnyimi. Kama hakuna mkubwa anayetazama nani bado hajala, mdogo atashindwa hata akiwa na sahani yake, maana sahani inaweza kukaa mbele ya mtoto anayelia mpaka inzi wakaimaliza.

Usiku ule mama yangu alipiga simu.

"Wee mutoto, kule banakupa chakula?"

"Bananipa, mama. Lakini bugali hakuna."

"Eh! Sasa unashiba namna gani?"

Nikamweleza juu ya injera na juu ya gursha. Akanyamaza kidogo, halafu akasema: "Ile njo bibi yako alikuwa anafanya. Alikuwa anatosha mifupa ya samaki na vidole yake, anaweka samaki ndani ya tonge, anakutia mu kinywa wewe wa kwanza. Unasahabu? Wewe ulikuwa mudogo." Sikuwa na kumbukumbu hiyo. Ilinibidi niende mpaka Addis ndiyo nipewe habari ya bibi yangu.

Alhamisi jioni walitupeleka kula chakula cha Wagurage, watu wa kusini ya Addis. Tulikula kitfo, nyama ya ng'ombe iliyokatwa ndogo ndogo sana na kuchanganywa na siagi ya viungo na pilipili. Wengi wanaila mbichi. Mimi niliomba wapitishe motoni kidogo. Inaliwa pamoja na kocho, na hapa msomaji wa Kivu asimame. Kocho ni mkate wa ensete, mmea unaofanana na mgomba kama pacha. Ukiuona shambani utatafuta mkungu wa ndizi, lakini matunda yake hayaliwi. Wanangoja miaka kadhaa, wanaukata, wanakwangua shina na kiazi chake cha chini, wanazika ile kitu katika shimo lililotandikwa majani, inachachuka kwa majuma ao miezi, halafu wanaoka mkate. Watu karibu milioni 20 katika Ethiopia wanategemea mmea huu. Kwetu mgomba unatupa ndizi na kasiksi, na majani ya kufunikia. Wao walimtazama ndugu yake mgomba, wakaona chakula ndani ya shina.

Jumamosi, mbele ya ndeke, nilikuwa na nusu siku. Dereva, mzee wa mvi, alinipeleka kwenye Makumbusho ya Taifa kuona Lucy, mifupa iliyopatikana Hadar katika jimbo la Afar mwaka 1974, yenye umri wa miaka kama milioni 3,2. Ile inayoonyeshwa ni mfano. Mifupa yenyewe inalindwa kando. Waethiopia wanamwita Dinknesh, maana yake "wewe ni wa ajabu". Tukapita mbele ya Africa Hall, nyumba iliyofunguliwa mwaka 1961, ambamo wakubwa wa Afrika walianzisha Umoja wa Nchi za Afrika tarehe 25 Mei 1963. Dereva aliposikia mimi ni Mkongomani, alipunguza mwendo. "Kaka ya baba yangu alikuwa Stanleyville," akasema, "na kofia ya ONU." Kweli, askari wa Ethiopia walikuja kwetu katika miaka ya 1960 pamoja na Umoja wa Mataifa. Yule mzee aliita Kisangani kwa jina la zamani, sawa vile wazee wetu wanavyofanya. Alikataa nimlipe kahawa. Yeye njo alinilipia.

Na sasa nifike kwenye kawa, maana hiyo ndiyo iliyonigusa kuliko yote. Ijumaa jioni muuguzi yule alitualika nyumbani kwake. Chini walikuwa wametandika majani mabichi, na ubani ulikuwa unafuka. Dada yake aliosha kawa mbichi, akaikaanga juu ya makaa polepole, akapitisha kikaango mbele ya kila mmoja ili avute moshi. Akaitwanga, akaitia ndani ya jebena, chungu cha udongo chenye shingo ndefu, akamimina katika vikombe vidogo visivyo na mkono. Mara ya kwanza inaitwa abol, ya pili tona, ya tatu baraka. Kuondoka mbele ya baraka si adabu. Ilichukua zaidi ya saa moja, na katika saa ile majirani waliingia, wakasema mambo ya watoto, ya bei ya soko, ya mgonjwa wa mtaa.

Papa yangu alilima kawa upande wa Kalehe mpaka kifo chake. Miti ile ilitulipia masomo sisi sote. Katika miaka ya vita na ya bei mbaya, watu wa kwetu walivusha kawa usiku kwa mitumbwi kwenda Rwanda, na ziwa Kivu lilimeza wanaume wengi. Wajane wao wako. Lakini papa hakunywa kawa yake hata siku moja. Alikunywa chai. Wakati wa Wabelgiji kawa iliingia kwetu kama mti wa kuuza, na ilibaki ya kuuza: tulijua kilo, hatukujua harufu. Ethiopia nayo inauza kawa duniani kote, lakini karibu nusu ya mavuno wanakunywa wenyewe, katika nyumba zao, pamoja na majirani.

Nilirudi Bukavu na jebena moja katika mzigo. Jumapili nilimletea mama kawa mbichi kutoka shamba la papa. Tukaikaanga katika sufuria, moshi ukajaa nyumba, majirani wakaja kuuliza nini inaungua. Mama alionja, akashikilia kikombe kwa mikono miwili, akasema: "Kumbe njo hii papa yenu alikuwa anauzisha!" Hakuongeza neno. Nilimmiminia mara ya pili na ya tatu.

Kwenye vituo vya afya tunaendelea kufundisha kwamba mama ajue mtoto amekula kiasi gani. Lakini sasa ninawaambia wamama: bakuli la mtoto likae ndani ya sinia, katikati ya wengine, na mkubwa wa nyumba atie tonge la kwanza, lenye samaki ao maharagi, katika mdomo wa aliye mdogo kuliko wote. Hakuna aliyeniuliza tena juu ya mgonjwa na mgeni. Wabibi wanaitikia kwa kichwa, maana wanajua jambo hili kuliko mimi.

Kwa wandugu wa chama chetu ninaleta ombi moja. Tumeandika mahari na kilio. Tuandike sasa namna wazee walivyokula. Nani alinawa wa kwanza, nani aligawa nyama, mtoto alipewa nini na kwa mkono wa nani, mgeni aliachiwa sehemu gani. Kila mmoja aulize mzee mmoja wa kwao, aandike kurasa mbili, alete kwenye mkutano. Wenye kujua mambo hayo wamekuwa wachache, na mama yangu mwenyewe hakunieleza mpaka nilipokuwa mbali, kwa simu, usiku, na yuniti karibu kuisha.