Hiyo kelele ya Kamukunji ni fizikia

Wasee wa Pumwani tunaijua hiyo sauti. Ukitoka Majengo ushuke Gikomba, kabla hujaiona Kamukunji ushaisikia: ko-ko-ko-ko, asubuhi hadi jioni. Kuna watu husema ati hao mafundi wanagonga tu. Tu? Zii.

Chukua ile sufuria kubwa ya alumini, ya kupikia shuleni ama harusini. Alumini ni nyepesi: sentimita moja ya ujazo ina gramu 2.7, na ya chuma karibu 7.8. Ukilibonyeza bati lake polepole, linajikunja lote. Lakini nyundo ikilipiga, pigo linaisha haraka kuliko kupepesa jicho. Sehemu za kando hazijapata hata nafasi ya kusonga, kwa hivyo panaposhuka sana ni pale pale nyundo imegusa. Ndiyo maana fundi hamalizi nguvu zake kwa pigo moja. Anapiga madogo madogo, ya haraka, huku akizungusha bati juu ya kipande cha reli.

Ndani ya bati, tabaka za atomi zinateleza moja juu ya nyingine. Kila pigo linaacha vifundo kwa huo mpangilio, na vikijaa, tabaka zinakwama. Bati limekuwa gumu. Ukizidi kulipiga, linapasuka. Dawa ni kulipasha moto ili atomi zijipange upya, lakini alumini ni mjanja: inayeyuka kwa nyuzi 660, na haikuonyi kwa kuwa nyekundu vile chuma hufanya. Ukingojea rangi, utabaki na uji.

Magnesiamu ni nyepesi zaidi, gramu 1.7, lakini ukiigonga ikiwa baridi inapasuka mapema, juu atomi zake hazina njia nyingi za kuteleza. (Na inashika moto pia. Usijaribu.)

Sasa fundi anajuaje bati limekaribia kupasuka? Analisikia. Mlio unapanda, nyundo inaanza kuruka mkononi. Hapo ndipo mimi hukasirika, kwa sababu kipimo chenyewe ni sikio, na kazi yenyewe inakula sikio. Kanuni za kelele kazini hapa Kenya, za 2005, zinasema mfanyakazi asipitishe desibeli 90 kwa saa nane. Pita kwa hivyo vibanda uhesabu masikio yaliyofunikwa. Utamaliza haraka.

Kuna mzee pale huwa namsalimia mara tatu ndiyo aitike. "Mzee wangu, habari ya kazi?" Kimya. Anagonga tu, na siku hizi anaacha kiganja kimoja juu ya bati, kwa sababu mtetemo bado anaupata hapo. Kando yake kuna kijana anajifunza, na huyo bado anaitika salamu ya kwanza.

Ukienda kununua sufuria mwezi huu, beba vizibo vya masikio. Mzee atakataa. Mpe huyo kijana.