Mboga za Ukutani na Haki ya Jirani



Huku kwetu Mombasa, katika vichochoro vya Mji wa Kale, ukimwambia mtu apande mboga hucheka. Atakuuliza, "Nipande wapi, kichwani?" Nyumba zimebanana, na mwenye ua wa hatua sita kwa nne huhesabiwa tajiri. Lakini wazee walisema, mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Ardhi ikiwa finyu kwa upana, haikosi nafasi ya kwenda juu.

Mimi nimesomesha watoto kwa zaidi ya miaka arubaini, na nyumba ya mwalimu hujua sana bei ya mchicha. Ndiyo maana uani kwetu pana magunia matatu yaliyosimama. Njia hii si ya ajabu. Kule Kibera, Nairobi, ilienea tangu mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi, na familia nyingi zikapata kitoweo mlangoni mwao.

Nitakueleza inavyofanywa. Changanya udongo mafungu mawili na samadi iliyokwisha kuoza fungu moja. Usitie mchanga wa pwani, una chumvi. Chukua mkebe mkubwa uliotolewa kitako, usimamishe katikati ya gunia, ujaze kokoto ndani yake na udongo pembeni, kisha uuvute juu kidogo na ujaze tena, mpaka gunia lijae. Mkebe uliokuwa wa rangi usiutumie. Hapo katikati pamekuwa na nguzo ya mawe, na maji ukiyamimina juu yatashuka mpaka chini. Toboa ubavuni matundu yaliyoachana kiasi cha shibiri, usiyapange mstari mmoja, upachike miche ya sukuma wiki na mchicha. Juu kabisa panda nyanya au bilingani. Mchicha huanza kuchumwa baada ya wiki tatu au nne, alimradi upate jua la saa nne au zaidi kwa siku.

Ama maji, ukitawadha kinga beseni. Maji yale hayana sabuni, na kuyamwaga mtaroni ni israfu.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Jirani mmoja wa ghorofani alitundika chupa za plastiki zilizokatwa, safu juu ya safu, zikapendeza kweli. Lakini kila akimwagilia, maji yaliteremka kwenye ukuta wetu sote. Nyumba hizi ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa ikikaa na unyevu huvimba, ikamomonyoka. Chumba cha chini analala mama mjane. Plasta ikaanza kumwangukia kitandani, naye akaona haya kusema. Mwishowe watoto wa nyumba mbili wakawa hawaamkiani.

Sisi waalimu hatuchoki kuwaambia watu kwamba apandaye mmea, ukaliwa na mtu au ndege, ana thawabu ya sadaka. Ni kweli. Lakini sadaka haitolewi kwa ukuta wa mwenzio. Nilimwita yule bwana barazani, nikamchukua chumbani kwa mjane, nikamwonyesha bila ya kumwambia neno. Akanyamaza kitambo. Jioni ile alizishusha chupa, akazitundika kwenye fito mbali na ukuta, akaweka karai chini. Plasta aliitengeneza mwenyewe. Doa bado lipo.

Basi, ndugu yangu, kabla ya kupanda tazama mambo matatu. Gunia liache ukuta kwa kiasi cha dhiraa. Chini yake pawe na chombo cha kukinga maji. Na usilipandishe kwenye dari ya boriti, kwani udongo uliolowa ni mzito kuliko gunia la sukari la ukubwa ule ule, na aliye chini yako ana roho kama wewe.

Kisha siku ya kuchuma, fungu la kwanza lipeleke kwa yule unayepakana naye ukuta.