Tawakali ya Gatini

Tulitoka Nairobi nyumba mbili, sisi wa Kibera na shemeji zetu wa Kawangware, kwenda Pate kuwazuru jamaa. Gatini Mokowe tulikuta boti la mashine likikaribia kung'oa nanga, nayo majaketi ya kuokolea maisha hayakuwatosha watoto. Nasi, kwa kuchelea kuachwa, tukasema, "Tumetawakali." Mama watoto akakataa kuingia.

"Maalim, mwanangu havuki bila jaketi."

Tuliona haya mbele ya abiria, tukangoja boti jingine.

Siku ya pili, Lamu, tuliamkia gatini alfajiri, lakini nahodha wa Pate hakuondoka. Mkondo wa Mkanda, baina ya Manda na bara, siku hizo ulikuwa haupitiki maji yakipwa. Mzee yule, aliyekulia baharini, aliketi kimya na tasbihi yake mpaka maji yalipojaa. Ndipo akapiga bismillahi, akawasha mashine.

Hapo tulifahamu. Tawakali ya nahodha ilianza kwa kungoja maji, na ya mama watoto kwa jaketi. Yetu ilikuwa haraka tu, tuliyoivika jina jema. Tulimtaka radhi mle botini, watoto wakisikia.