Shingo Iliyofunguliwa

Tangu nilipopasuliwa shingo watu huniuliza neno moja tu: "Maalim, umepona?" Wananiuliza hapa Kinyala, na jamaa wa Tanga na Mombasa huniuliza kwa simu. Swali ni la mapenzi, lakini jibu lake ni refu, nami nimeona niliandike, kwani maradhi haya yamo katika nyumba nyingi za wazee na wenyewe hawayajui.

Shingo ya mwanadamu ina pingili saba. Ndani yake unapita ugwe, unene wake kama kidole cha mwisho, nao ndio njia ya amri zitokazo kwenye ubongo kwenda mikononi na miguuni. Umri ukisonga, gegedu zilizo baina ya pingili hukauka na kutokeza, mifupa huota vinundu, na ile njia ikawa nyembamba. Wengi wetu tuliovuka miaka hamsini tuna uchakavu huo na hautudhuru. Kwa wachache ugwe hubanwa, na hapo ndipo balaa.

Ubaya wake ni kuwa huweza kuja bila maumivu makali. Mimi nilianza kushindwa na vifungo vya kanzu. Kisha chaki ikawa yaniponyoka, na wanafunzi hawazisomi herufi zangu ubaoni. Miguu ikakakamaa, nikishuka mteremko wa migombani, na utelezi wa mvua za Rungwe si wa kusimuliwa, naona kama nakanyaga godoro. Tena kila nikiinamisha kichwa, kitu kama umeme chanishuka mgongoni hadi miguuni. Zahanati moja iliniambia ni baridi yabisi, kwa kuwa huku kwetu ni baridi, nikachomwa sindano miezi minane. Jirani, kwa wema wake, akaniletea mkandaji aninyooshe shingo. Mama watoto alimrudisha mlangoni kwa adabu, nami namwombea kheri kwa hilo hata leo, maana shingo ya namna hii ikizungushwa kwa nguvu, mtu aweza kupooza palepale.

Nikapelekwa Mbeya, kisha Dar es Salaam, katika taasisi ya mifupa ya Muhimbili iliyoundwa mwaka 1996, ambako wapo mabingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu. Januari 2024 walinipasua kwa nyuma, wakaondoa paa la pingili ya tatu hadi ya sita ili ugwe upate nafasi. Kabla ya hapo daktari aliniambia wazi kwamba kazi yao ni kuzuia usiharibike zaidi. Kitakachorudi ni ziada, na ugwe uliobanwa muda mrefu haurudi wote.

Maneno haya ndiyo watu hawayapendi. Kidonda kilifunga baada ya wiki mbili, wakadhani mambo yamekwisha. Kidonda kina saa yake na ugwe una yake. Ule umeme ulitoka kwanza. Miguu ilinirudia mwezi wa tatu, kwa fimbo. Mikono ndiyo mivivu: nikaokota punje za mahindi sinia nzima, nikakamua kitambaa kilicholowa, nikafunga na kufungua kanzu kuukuu huku mjukuu akihesabu na kunicheka. Sehemu kubwa ya nafuu huja katika nusu mwaka hadi mwaka wa kwanza. Baada ya hapo huja kwa matone. Vidole viwili vya mkono wa kulia vingali na ganzi, na sidhani kama itaondoka.

Lililonichoma zaidi ni sujudu. Nilikatazwa kuweka paji la uso chini miezi mitatu. Hukumu yake naijua, nimeisomesha miaka mingi: Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwelekeza Imran bin Huswain aswali amesimama, asipoweza akae, asipoweza alale ubavu, na mwenye kuashiria huifanya sujudu iwe chini kuliko rukuu. Lakini kuijua hukumu na kuiswali ni mambo mawili. Usiku wa kwanza niliketi juu ya kiti, zulia liko hatua moja mbele yangu, nikalitazama kama mtu atazamaye nyumba yake toka ng'ambo ya mto.

Vijana walitaka niwaongoze vivyo hivyo nimekaa. Katika madhehebu yetu ya Shafii yafaa, na Mtume mwenyewe katika maradhi yake ya mwisho aliswalisha amekaa na watu wamesimama. Nilikataa kwa sababu nyingine: jamaa wangeacha swala wakaitazama shingo yangu.

Chuoni nimempa binti mmoja wa miaka kumi na miwili chaki. Mimi nasoma, yeye aandika. Jioni, wakiondoka, nachukua ubao mdogo nijaribu mwenyewe. Alifu imesimama tangu Ramadhani iliyopita. Ayn bado hainitii.